Hema si Nyumba

Jumamosi ya Lyulilo huanzia majini. Jua huchelewa kufika huku kwa sababu Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta, na kabla halijachungulia, mitumbwi kutoka Ikombe imeshagusa mchanga. Ndani yake kuna vyungu. Vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, mitungi mikubwa ya pombe yenye matumbo kama ya wazee wenye neema, vyote vimetiwa majani makavu katikati visigongane njiani. Kina mama wa Kikisi wanavishusha kimoja kimoja na kuvipanga mchangani, na pale ambapo Ijumaa palikuwa ufuko mtupu panageuka soko. Jioni mchanga unabaki na alama za makalio ya vyungu tu. Mawimbi ya usiku yanazifuta.

Msomaji mpendwa, kama hujafika Lyulilo, fika. Ukitoka Kyela mjini unapitia Ipinda mpaka Matema, kisha unatembea kidogo kufuata ufuko kuelekea milimani. Lakini leo sikuleti kutalii. Nakuleta kwenye ubishi.

Ubishi wenyewe ulizuka chini ya mwembe, siku niliyokwenda kumtafutia mama mtungi. Kijana mmoja wa bodaboda alisema amesikia kuna mtu anatafuta mahali pa kuweka mahema, na yale magari ya kulala ndani, kwa ajili ya wageni. Uvumi tu, bwana. Hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi. Lakini si unajua mambo ya kwetu, uvumi ukishatua chini ya mwembe unaota miguu.

"Hapa hapa mchangani," akasema. "Usiku mmoja wa mgeni ni vyungu vya wiki nzima."

Mwenzake akadakia kwamba haiwezekani, kuna sheria ya mita sitini, hakuna ruhusa ya kujenga karibu na maji. Yule wa bodaboda akacheka mpaka akashika usukani wa pikipiki. "Kwani hema ni nyumba? Hema si nyumba! Unakunja, unaondoka."

Mama mmoja muuza vyungu alikuwa amekaa kando anakula muhogo, kama hasikii. Akasema taratibu, "Na mimi je, mwanangu? Na mimi si nakunja naondoka?"

Hakujibiwa. Yule kijana alitazama chini, mzee mmoja akakohoa, halafu mazungumzo yakahamia kwenye Simba na Yanga. Nikalipa mtungi nikaenda zangu. Mtungi upo nyumbani, maji yake baridi kweli kweli. Swali la yule mama ndilo limenikalisha hapa kuandika.

Maana ukilitazama vizuri si swali dogo. Mahema yakija, na vyungu vipo, vyote viwili ni vitu vya kuja na kuondoka. Hakuna chenye msingi wa zege. Sasa nani ampishe mwenzake, na nani aamue?

Binamu yangu mmoja anaishi Marekani, katika mji mdogo. Siku moja kwenye simu alinisimulia jambo nikadhani ananitania. Kumbe huko kuna watu wanaoishi katika nyumba zilizoundwa kiwandani, zinaburutwa na lori mpaka kwenye uwanja, zinapangwa kwa mistari kama hivyo vyungu. Nyumba ni mali yako, umeinunua, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine na unamlipa kila mwezi. Jina lake ni nyumba ya kuhamishika, ila haihami hata kidogo, kwa sababu gharama ya kuiburuta tena inamshinda mwenye nayo. Basi mwenye shamba fulani aliomba halmashauri ibadilishe matumizi ya shamba lake ili aweke nyumba za aina hiyo. Ukaitishwa mkutano wa wakazi. Wenye nyumba za matofali wakasimama mmoja mmoja: barabara itajaa, shule itajaa, nyumba zetu zitashuka bei. Binamu alikuwa amekaa nyuma. Yeye mwenyewe anaishi kwenye uwanja wa namna hiyo, upande wa pili wa mji. Nikamuuliza, ulisema nini? "Nitasema nini, ndugu yangu? Mimi nimepanga ardhi."

Nikakumbuka lile swali la chini ya mwembe. Na nikakumbuka zaidi ya hapo, kwamba sisi watu wa Unyakyusa hatukuwa wageni kabisa wa nyumba zinazohama. Tulizizoea kabla lori halijabuniwa.

Kuna mama mmoja msomi, Monica Wilson, aliyekaa huku na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1935 na 1938. Alizunguka vijijini, akauliza, akaandika. Kitabu chake kuhusu vijiji vya marika kilitoka mwaka 1951, na ingawa kimeandikwa kwa Kiingereza cha wasomi, mtu wa Kyela akikisoma anasikia harufu ya nyumbani. Sikubaliani naye kila mahali. Lakini mambo mengi aliyoyaandika ndiyo tunayoyasikia kwa wazee wetu, kwa maneno mengine.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi au kumi na moja, haikuwa adabu tena alale nyumba moja na wazazi wake. Basi yeye na wenzake wa rika lake walipewa eneo pembeni ya kijiji cha baba zao, wakajijengea vibanda vyao wenyewe, vya kitoto kwanza, vya mianzi na majani. Mchana walichunga ng'ombe na kulima mashamba ya baba. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Usiku walirudi kwenye kijiji chao. Wakikua, vibanda vinakua nao. Wakioa, wanaleta wake humo humo. Kijiji cha watoto kinakuwa kijiji cha wanaume kamili, na wenyeji wake ni wale wale waliochunga pamoja. Raha ya kukaa na watu wa umri wako, kula nao, kubishana nao usiku, iliitwa ukwangala, na mtu aliyekula peke yake alionekana ana jambo.

Hizi nyumba za mianzi, msomaji, usizidharau. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1879, alizisifia vijiji vyake kwa usafi na migomba yake kwa uzuri kiasi kwamba unajiuliza kama alikuwa na homa. Zilikuwa nzuri na zilikuwa nyepesi. Mtu akigombana na majirani, akituhumiwa uchawi, au kijiji kikipatwa na vifo vya mfululizo, watu walihama. Ng'ombe unawaswaga, mianzi inaota popote penye maji, mgomba unachukua chipukizi. Nyumba haikuwa mnyororo.

Lakini nyumba kuhama ni jambo moja na ardhi kugawiwa upya ni jambo jingine. Hapa ndipo pana utamu. Kila baada ya miaka thelathini na kitu, wale vijana wakiwa wameshakuwa watu wazima wenye wake na watoto, ilifanyika sherehe kubwa inayoitwa ubusoka, yaani kutoka. Siku hiyo serikali nzima iligeuzwa. Malafyale mzee alikabidhi nchi kwa wanawe wawili wakubwa, na nchi ikagawanywa baina yao. Wakateuliwa wakuu wapya wa vijiji kutoka kwa watu wa rika jipya. Moto wa zamani ulizimwa katika kila jiko, ukapekechwa moto mpya kwa vijiti, na kila nyumba ikachukua humo. Na kisha, hebu soma sentensi hii polepole: wazee walisogea. Kizazi cha baba kilikusanya vyake kikahamia pembeni ili wana wapate mahali pa kupanuka.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja mjini Mbeya, nalipa kwa miezi sita, na nilikuwa natafuta kiwanja kama mtu anayetafuta sindano. Nikajisemea, kumbe palikuwa na siku moja katika maisha ya kila kijana ambapo mzee alisimama akasema, mwanangu, zamu yako.

Sasa tusidanganyane. Wenzangu tunaoandika tuna ugonjwa wa kupaka rangi ya zamani. Ule utaratibu ulikuwa wa wanaume. Binti hakuwa na kijiji cha rika lake. Alitolewa mdogo, mara nyingi kwa mtu mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe kwa kawaida ni mzee. Vijana wenzake wakawa wanasubiri mahari huku wazee wanaongeza mke. Na hiyo sherehe yenyewe haikuwa na tarehe kwenye kalenda. Ilitegemewa kwamba malafyale akishakabidhi nchi hatakaa sana duniani, kwa hiyo usishangae kwamba hakuna aliyekuwa na haraka. Waliosogea walisogea kwa kusukumwa, kwa manung'uniko, kwa ubishi mrefu kuhusu mpaka unapita kwenye mti gani. Ila ubishi huo ulikuwa na siku yake, na kila mtu alijua unakuja.

Tena kulikuwa na watu waliokuwa nje kabisa ya mambo hayo. Hao ndio Wakisi. Pwani yao ni kipande chembamba, milima imewasukuma mpaka karibu waingie ziwani. Hawana bonde la mpunga wala malisho mapana. Wana udongo mzuri wa kufinyanga, wana samaki, na wana mitumbwi. Basi tangu zamani wanawake wamefinyanga, mitumbwi imebeba, na chungu kimebadilishwa na chakula cha watu wa bondeni. Mchanga wa Lyulilo upo mwisho wa bonde na mwanzo wa milima, mahali ambapo mwenye ndizi na mwenye chungu wanakutana. Mnyakyusa alipogawana nchi na ndugu zake kwenye ubusoka, Mkisi hakugawiwa kitu, na hakudai. Alichohitaji ni mahali pa kuegesha mtumbwi.

Halafu wakaja wenye ramani. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipanda kutoka ziwani wakaanza kujenga kwa mawe na matofali, na nyumba ya matofali, ukiacha mambo ya injili, ni mahubiri tosha: inasema nimekuja kukaa. Kuta hazisogei kumpisha mtoto. Kuna kichekesho hapo, maana serikali ya Wajerumani yenyewe ilikuwa ya kwanza kuhama. Boma lao la mwanzo waliliweka ufukweni chini ya milima hii hii, kwenye ghuba ya Lumbila, wakaliita Langenburg. Baadaye wakabeba jina lao wakapanda nalo kwenye baridi, wakaliita Langenburg Mpya. Ndiyo Tukuyu ya leo. Kwa hiyo Bwana Mkubwa alikunja akaondoka, lakini akawafundisha wengine kutokunja.

Kilichomaliza vijiji vya marika, hata hivyo, si tofali. Ni mti. Kahawa kule juu Rungwe, na huku bondeni mpunga, kisha kakao, ambayo leo Kyela ndiyo inayoongoza nchini. Mgomba ulikuwa wa kila mtu na wa kuanza upya. Mkahawa unasubiri miaka, na ukishaanza kuzaa hakuna mzee wa kuuacha ampe mtu asiye mwanawe. Shamba likaanza kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na halafu likakatwa vipande kwa wana watano, na vipande vikakatwa tena. Monica Wilson alirudi kuangalia mwaka 1955, na katika kitabu chake cha mwaka 1977 ameeleza jinsi uhusiano wa vijana na wazee ulivyopinduka ardhi ilipoanza kuwa haba. Siku hizi ukimwuliza kijana wa Kyela kuhusu ubusoka atakuuliza ni bendi gani.

Operesheni Vijiji nayo ilipita. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini, na safari hii haikuwa ombi. Mahali pengi nchini watu walihamishwa kwa malori na nyumba zao za zamani zikabomolewa nyuma yao. Kwenye maeneo ya migomba na kahawa, watu wakiwa wamebanana tayari, vijiji vingi viliandikishwa pale pale vilipo. Lakini sheria ya mwaka 1975 ilituletea kitu ambacho bado tunacho: halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Na huo mkutano ndio nataka tuutazame.

Ila kwanza nikupeleke Unguja kidogo, sitachelewa. Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, maelfu ya watu walijenga vibanda vya miti na udongo kwenye ardhi ya wenye nazo. Kibanda ni chako, kiwanja si chako, sawa kabisa na nyumba ya binamu yangu. Kwa muda mrefu kodi ya kiwanja ilikuwa ndogo au hakuna, mtu alijenga kwa heshima na kujuana. Miaka ya 1920 wenye ardhi wakaanza kuipandisha. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa. Waliofungwa kwa ajili ya kodi hiyo walitolewa gerezani na umati. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwahi kuwauliza wenye vibanda kitu, ikalazimika kuweka kikomo kwenye kodi. Mombasa jambo hilo halijaisha mpaka leo: kuna mitaa mizima ambapo mtu anamiliki nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, anaipangisha, anaiuza, anairithisha, na chini yake ardhi ni ya mtu ambaye huenda hajawahi kuonana naye. Mwenye ardhi akiuza, mwenye nyumba anasoma habari hiyo ukutani.

Wale wa Ng'ambo walikuwa na nguvu moja: walikuwa wengi, na walikuwa pale pale usiku na mchana. Mama wa vyungu yupo Lyulilo siku moja kwa wiki.

Sasa tuje kwenye sheria. Nimekaa nayo jioni kadhaa, na nakuomba uvumilie kidogo maana kila kijana anayetaka kuandika kuhusu nchi hii inabidi aisome. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, na mambo mazito yanapitishwa na mkutano mkuu. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla kwa ajili ya mwekezaji, na eneo lenyewe halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kusikia mapendekezo. Mgeni wa nje haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hiyo inapitia kwa mamlaka ya uwekezaji, si kwa mjomba wa mtu. Kwenye karatasi, msomaji, mkutano wa kijiji cha Tanzania una meno kuliko ule mkutano wa binamu yangu Marekani. Huwezi kuamini.

Na nani anahudhuria? Kila mkazi wa kijiji mwenye miaka kumi na minane na kuendelea. Mkazi. Hilo ndilo neno. Yule kijana wa bodaboda ana sauti. Mzee aliyekohoa ana sauti. Mimi, kama nimehamisha makazi yangu Mbeya, nimekwisha. Na mama wa vyungu, anayelala Ikombe, ambaye mama yake na bibi yake waliegesha mtumbwi kwenye mchanga ule ule, hana hata pa kuketi.

Kuhusu mita sitini, yule mwenzake wa bodaboda alikuwa sahihi nusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita sitini za ufuko wa ziwa shughuli za kibinadamu zenye asili ya kudumu, au zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya ufuko. Asili ya kudumu! Ndiyo maana yule kijana alicheka. Anajua, au ameambiwa na mtu anayejua, kwamba hema linapita kwenye tundu la sindano hiyo. Gari la kulala nalo lina magurudumu. Ukiliacha pale miaka saba, likaota nyasi chini, likajengewa choo na uzio wa matete, bado mwenyewe atakwambia si la kudumu, tazama magurudumu haya. Kila mtu aliyewahi kuona kibanda cha muda mjini anajua "muda" ni urefu gani.

Halafu utazame kinyume chake. Soko la vyungu lenyewe, ambalo kweli halina kitu cha kudumu, ambalo linafutwa na maji kila Jumamosi usiku, ndilo limedumu kuliko boma la Wajerumani. Ila kwa kuwa halina kuta, halionekani kwenye mchoro. Mpima akija Jumanne atakuta mchanga mtupu, ataandika: eneo la wazi.

Ziwa nalo lina maoni yake. Mwaka 1979 na 1980 maji ya Nyasa yalipanda sana, yakala fuko zake pande zote. Kila masika Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka na matope na kuingia mashambani na majumbani. Songwe ndiyo kiboko yao: ni mpaka wetu na Malawi, na ikibadili njia, mtu aliyelala Tanzania anaweza kuamka ng'ambo ya mto. Nyumba imekaa, nchi imehama. Kwa hiyo mtu anayetaka kupima viwanja mchangani namshauri kwanza aulize wavuvi.

Kuna kitu kwenye ile sheria ya 1999 ambacho watu wengi hawakijui, nami sikukijua mpaka juzi. Kijiji kinaweza kutenga sehemu ya ardhi yake iwe ya jumuiya, kwa matumizi ya pamoja, na halmashauri inatakiwa kuwa na daftari la ardhi hiyo. Malisho, msitu, chanzo cha maji, njia, na kwa nini isiwe gati la mitumbwi na soko? Inapendekezwa na halmashauri, inapitishwa na mkutano mkuu, inaandikwa. Ardhi iliyoandikwa hivyo haiwezi kugawiwa kwa mtu binafsi kimya kimya. Mama wa vyungu hawezi kuomba hilo kwa kuwa si mkazi. Lakini yule kijana wa bodaboda anaweza kunyoosha mkono. Anaweza pia kunyoosha mkono kwa ajili ya mahema, na simlaumu. Ana miaka ishirini na miwili, anaendesha pikipiki ya mtu, anapeleka hesabu kila siku. Kwake mchanga ule ndio kipande pekee cha Kyela ambacho hakijapandwa kakao ya baba wa mtu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ubishi wa chini ya mwembe haukuwa wa wageni na mahema hata kidogo. Vijana wanatafuta mahali ambapo mzee hajakaa. Wamezunguka bonde lote hawajapaona, wamefika mwisho wa nchi kavu, wamekutana na mama mwenye vyungu.

Nilirudi kwa wazazi wangu kule karibu na Ipinda na mtungi mgongoni. Jioni, tukiwa tumekaa na baba nje, nikamsimulia mambo ya ubusoka, jinsi wazee walivyosogea. Akasikiliza vizuri sana, akasema baba yake alikuwa akimsimulia hayo. Nikapata ujasiri. Nikasema, taata, basi na mimi nijenge wapi?

Akasimama, akachukua tochi, akaniongoza mpaka kwenye kakao, mstari wa nne kutoka njiani. Akamulika. Miti sita ilikuwa imebeba maganda mpaka kwenye shina, mengine yameanza kuwa ya njano.

"Hapa," akasema. "Tukishavuna."

"Msimu huu?"

Akazima tochi. "Twende tukale, mwanangu. Mama yako ameshapakua."